Dumu moja jikoni ni la mtoto

Meno ya mbele ya mtoto wa darasa la pili yalianza kutengenezwa kabla hajajua kukaa. Yalikuwa ndani ya taya, yamejificha nyuma ya meno ya utoto ambayo nayo yalikuwa hayajaota, na tangu mwezi wa tatu au wa nne wa maisha yake mwili ulianza kuyavika lile gamba gumu jeupe la nje, yaani enameli. Kazi hiyo huenda taratibu mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano. Akiwa na miaka sita au saba ndipo yanachomoza, na mzazi anaonyeshwa alichokuwa akimnywesha mwanawe miaka mitano nyuma: floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi huacha mistari myeupe au madoa ya kahawia kwenye meno.

Ukilea mtoto Tanga, hii ni habari ya kusoma ukapita. Ukilea Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, King'ori, Ngarenanyuki au mitaa ya Arusha inayotegemea visima, ni sababu ya kuweka jikoni dumu moja ambalo maji yake hayaendi kwa mtu mwingine. Makala haya ni ya dumu hilo: linajazwa nini, linatumika wapi, na ni wapi watu wanalijaza kwa taabu halafu faida yote ikaishia kwenye sufuria ya makande.

Mlima Meru, unaosimama juu ya maeneo haya ya Arusha, ni volkano. Maji yakipita kwenye miamba na majivu yake huyeyusha madini ya floraidi njiani, na kadiri yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyozidi kubeba. Kwa hiyo chemchemi za juu, kule msituni kunakonyesha sana, kwa kawaida huwa nafuu, na visima na chemchemi za chini huwa na mzigo mkubwa zaidi. Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, floraidi yake huhesabiwa kwa mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kisha ikashusha kiwango chake hadi 1.5. Upande wa Moshi mambo ni mepesi kidogo, maana chemchemi za Kilimanjaro zinazolisha mji kwa kawaida zina floraidi ndogo. Lakini Moshi nayo ina mlango wake wa nyuma, nitaufikia.

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ile rangi ya mto pale Maji ya Chai siyo floraidi. Ile chumvichumvi ya kisima siyo floraidi. Maji maangavu na matamu ya kisima kipya cha jirani yanaweza kuwa na miligramu 5, na ya kisima cha zamani cha mtaa wa pili yakawa na 1. Hata bomba la mtaa mmoja linaweza kuletewa maji ya vyanzo tofauti kwa vipindi tofauti. Anayekuambia anajua maji mabaya kwa kuyaonja anakudanganya kwa nia njema. Dawa ni kupima tu: chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, isuuze mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze, andika chanzo na tarehe, kisha ipeleke maabara ya maji. Tumia plastiki, usitumie chupa ya kioo, kwa kuwa floraidi hushikana na kioo. Pima wakati wa kiangazi na upime tena baada ya masika, kwa sababu mvua hubadilisha majibu.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu haoni kwa nini mtoto ahitaji dumu lake wakati baba na mama wanakunywa maji ya kisima na wako imara. Kwa mtoto mdogo, ukomo unaokubalika ni kama miligramu 0.1 ya floraidi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 anafika ukomo huo kwa miligramu 1. Tuseme kisima chenu kina miligramu 3 kwa lita. Ukijumlisha maji anayokunywa, ya uji, na yaliyomo kwenye supu na ndizi, lita moja inatimia upesi, na hapo ameshapata miligramu 3, mara tatu ya ukomo. Baba yake mwenye kilo 60 akinywa lita mbili za maji yaleyale anapata miligramu 6, ambazo kwa kilo zake ni 0.1 kamili. Kisima ni kimoja, ila anayezidiwa ni mtoto, na ndiye pekee nyumbani ambaye enameli yake bado inajengwa. Kwa yale meno mawili makubwa ya juu mbele, kipindi kibaya kuliko vyote ni kati ya mwaka mmoja na robo na miaka miwili na nusu. Ni umri uleule ambao mtoto anapungua kunyonya na kuanza kula chungu kimoja na wakubwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoleta nafuu. Floraidi huingia kwa kumezwa. Haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kujali. Kuoga, kufua, kuosha vyombo, kupiga deki, vyote viendelee na maji yoyote safi. Mtoto wa chini ya miaka mitano anahitaji maji mazuri kiasi cha lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, za kunywa na za kupikia chakula chake. Dumu la lita 20 linampeleka siku kumi. Ukiwa na watoto wawili, siku tano. Wazazi wengi wakisikia neno floraidi hufikiria mtambo wa kusafisha maji ya nyumba nzima, wakaona gharama, wakaacha kabisa. Mtambo hauhitajiki.

Linajazwa nini? Kwanza nitaje visivyosaidia, kwa sababu ndiko pesa inakopotea. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na lazima uchemshe, lakini maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki yote kwenye machache yaliyosalia. Dawa ya klorini haiiondoi. Chujio la mshumaa wa udongo haliiondoi, wala lile la mkaa wa kawaida. Taa ya mionzi ya kuua vijidudu, ile ya rangi ya bluu kwenye maduka ya kujazia maji, haiigusi. Duka likiwa na mashine ya RO, kama wauzaji wenyewe wanavyoiita, inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, hiyo huiondoa kwa sehemu kubwa ikiwa utando wake haujachoka. Muulize muuzaji, halafu pima ndoo moja ya kwake uone.

Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote, na ni ya bure. Hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi yake ni karibu na sifuri. Bati la mita 6 kwa 5 lina eneo la mita za mraba 30. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inakuletea lita 300 kwenye karatasi, na kama 240 kwenye tangi baada ya kumwagika na kurukaruka. Masika ya Machi hadi Mei inajaza simtanki ya lita 500 mara nyingi. Sasa gawanya: kuanzia katikati ya Mei hadi vuli ya Novemba ni siku kama 180, na mtoto mmoja kwa lita mbili anahitaji lita 360. Simtanki ndogo ya lita 500, ikijazwa mwishoni mwa masika na kufungwa, inamvusha kiangazi chote.

Maji hayo ya mvua huharibika kwa mambo ya kawaida. Mvua ya kwanza baada ya ukame huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege na mijusi. Zile lita 30 za mwanzo kutoka kwenye bati kama hilo zimwagwe. Unaweza kuondoa bomba la mfereji kwenye tangi kwa dakika kumi za mwanzo, au kuweka bomba la wima lenye kizibo chini linalojaa kwanza. Mdomo wa tangi uwe na wavu wa mbu. Mfuniko usipitishe mwanga, la sivyo utaota ukijani. Maji yatoke kwa koki iliyo sentimita chache juu ya kitako, ili tope libaki chini. Na yachemshwe kama maji mengine, mpaka yatokote kwelikweli, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

Wasio na bati la kutosha au mahali pa tangi wana chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la karibu nyuzi 400 hadi 500, kisha husagwa punje ndogo na kuoshwa. Kituo cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto kimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Punje nzuri ni nyeusi. Zikiwa kahawia hazikuiva, na maji yatanuka. Zikiwa kijivu au nyeupe zimeungua kupita kiasi na uwezo umepungua. Kasoro kubwa ya chujio hili ni kwamba linachoka bila dalili: maji yanaendelea kutoka maangavu yaleyale huku floraidi inapita yote. Muda wake unategemea maji yenu na lita mnazopitisha, kwa hiyo pima yanayotoka kila baada ya miezi michache, na usikubali ahadi ya fundi kwamba linadumu mwaka. Kwa familia za Kiislamu, kuuliza mifupa imetoka wapi ni haki, na kituo kinapaswa kujibu. Maji ya chupa nayo yanafaa, ila soma lebo utafute kiasi cha floraidi. Chini ya miligramu 0.5 ni salama kabisa kwa kazi hii.

Sasa ule mlango wa nyuma wa Moshi: magadi.

Watafiti wa meno walishakuta jambo lililowashangaza wengi huko milimani Kilimanjaro: vijiji vya juu vyenye maji ya floraidi ndogo, na bado watoto wana meno yenye madoa. Magadi yakawa mshukiwa mkuu. Yanachimbwa Ziwa Natron na kandokando ya maziwa mengine ya bonde la ufa, na floraidi yake inatofautiana vibaya mno kati ya gunia na gunia.  Kwenye meza ya sokoni hakuna anayejua, hata muuzaji.

Watu hawayatumii kwa ujinga. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Meru na Kilimanjaro viko juu zaidi. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na maharage yanakaa jikoni mpaka kuni zinakuudhi. Magadi yanalainisha ganda, yanaokoa mkaa na saa nzima ya kupika. Ukimwambia bibi aache magadi bila kumpa njia nyingine, atakusikiliza kwa heshima na kuendelea.

Njia nyingine ni hizi. Loweka maharage saa 10 hadi 12, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji. Yatakunywa karibu uzito wake, kwa hiyo kwa sufuria ya mtoto uyaloweke kwa maji ya dumu. Huu ndio mwanya ambao wengi wanausahau. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi bila kupunguza moto, kisha funika na uache moto mdogo. Kwa makande chagua mahindi yaliyokobolewa. Chumvi na nyanya zije mwishoni, kwa sababu nyanya kwa ukali wake hufanya ganda ligome. Presha kuka ikiwepo inamaliza ubishi wote: inarudisha joto ambalo mlima umelichukua, na maji yanayotumika ni machache. Baadhi ya watu hubadili magadi kwa baking poda au soda ya kuokea. Floraidi inaepukwa ukitumia soda, lakini soda inaua sehemu ya vitamini B1, hivyo mimi ningeshauri kuloweka.

Kama nyumba haiko tayari kuacha magadi kwenye kiburu cha ndizi na maharage, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, mlenda au makande, kuna suluhu isiyovunja heshima: chota fungu la mtoto kabla magadi hayajatiwa, umalizie kulilainisha kwenye kisufuria chake. Hili hata bibi hulikubali, hasa likiombwa kwa adabu: "Mama, nitatoa kidogo cha mtoto kwanza." Krismasi, watu wanaporudi vijijini Kibosho, Machame na Marangu, ni wiki mbili za kiburu na macharari ya ndizi na nyama, kwa siku hizo chache usijiue kwa hofu. Enameli inaharibiwa na mazoea ya miezi, haiharibiwi na sikukuu.

Na ukipika, ukumbuke kwamba floraidi unayomlisha mtoto huhesabiwa kwa maji uliyotia, si kwa mchuzi uliobaki. Ukimimina lita tatu za kisima kwenye mtori, zikachemka zikabaki moja na nusu, mvuke umeondoka na floraidi ya lita tatu zote imo ndani ya sufuria. Vyakula vinavyochemka muda mrefu ndivyo vya kwanza kupata maji ya dumu: mtori, supu ya mifupa, makande. Wali na ugali wa wakubwa vikipikwa kwa kisima, tonge mbili za mtoto si neno.

Miezi sita ya kwanza ndiyo rahisi kuliko yote. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima, maana mwili wake haupitishi sehemu kubwa kwenye maziwa. Mtoto anyonye tu, bila maji, bila uji wa kuonjeshwa. Balaa huwa kwa mtoto anayelishwa maziwa ya kopo, kwa sababu kila tone analokunywa limekorogwa kwa maji. Huyo dumu lake lianze siku ya kwanza.

Uji ukianza, fanya mzito. Maji kikombe kimoja cha mililita 250, unga vijiko viwili hadi vitatu vya chakula, upikwe mpaka ukiinua kijiko ung'ang'anie kidogo kabla ya kudondoka. Uji mwepesi wa kunyweshwa kwa kikombe humjaza mtoto maji na kumwacha na njaa, na hapa kwetu maji hayo yana mzigo wake. Ukiwa mzito mno hata hawezi kumeza, uache upoe kiasi cha kuvumilika mdomoni, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi, koroga, utaona unalegea wenyewe bila tone la maji; kisha urudishe motoni uchemke kidogo. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, hakifanyi kazi, kwa sababu joto linakiua. Miezi 6 hadi 8 mtoto aanze na vijiko viwili vitatu na kupanda hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Miezi 9 hadi 11 nusu kikombe mara tatu au nne. Baada ya mwaka robo tatu hadi kikombe kizima.

Maziwa ya ng'ombe, mtindi na mgando baada ya mwaka mmoja ni msaada wa kweli: floraidi yake ni ndogo, na kalsiamu yake huzuia sehemu ya floraidi ya chakula kingine isifyonzwe. Ila mjue muuzaji wenu. Maziwa yaliyoongezewa maji ya kisima yanarudisha shida dirishani. Chai ya rangi isimkaribie mtoto mdogo hata Juni na Julai baridi inapouma. Majani ya chai yenyewe yana floraidi, na chai hiyohiyo huzuia madini ya chuma. Dawa ya meno iendelee, kwa sababu sukari na kuoza havijaondoka Arusha, lakini kwa kipimo. Dawa ya kawaida ina karibu miligramu 1 ya floraidi kwa gramu. Mswaki uliojazwa mstari mzima ni gramu moja, na mtoto wa miaka miwili anaimeza. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, na mswaki ushikwe na mtu mzima.

Dumu liwe na rangi yake, koki yake na jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu dada wa kazi akiwa na haraka asubuhi atachota lililo karibu. Mweleze sababu, akijua kwamba ni meno ya mtoto atalilinda kuliko wewe. Chekechea, mtoto aende na chupa yake. Uji wa shule usiugombanie na mwalimu: kikombe cha mililita 200 cha maji ya miligramu 3 ni miligramu 0.6, na mtoto wa miaka minne mwenye kilo 16 anabeba 1.6 kwa siku, mradi nyumbani anakunywa mazuri.

Baada ya miaka mitano meno ya mbele yameshakamilika na unaweza kulegeza kidogo, ingawa magego ya nyuma yanaendelea kujengwa hadi karibu miaka minane. Na kama meno yameshatoka na mistari myeupe au madoa ya kahawia, yasisuguliwe kwa mchanga, majivu wala mkaa. Enameli imeshakuwa na vitundu, rangi imezama humo, na kusugua kunaondoa gamba jema lililobaki. Daktari wa meno anaweza kupunguza tabaka jembamba la juu kwa dawa maalum, au kufunika doa kwa nyenzo yenye rangi ya jino. Jino lisubiriwe lichomoze lote kwanza, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi baada ya ncha yake kuonekana.